Mkono Uliongoja Neno Lako

Ngagara, Kartie ya Nne,
Jumamosi, alasiri.

Kwa Hadija, binti yangu wa kwanza,

Ninaandika barua hii kwenye meza ya chakula, wewe ukiwa umekwenda mtaa wa Asiatique kuwaaga wajomba zako, na mama yako akiwa chumba cha pili anapiga pasi mashati yako meupe. Nilifunga mlango ili nipate utulivu. Ameshaufungua mara mbili.

"Baba Hadija, andika kifupi. Mutoto atasoma mpaka ndege imuache."

Nilimjibu kwamba barua ya mzazi haipimwi kwa rula. Akacheka, akarudi kwenye pasi yake akichechemea, nami nikabaki nikiutazama mlango. Anasema kweli. Jambo ninalotaka kukueleza ndilo hilo alilolisema yeye kwa pumzi moja, na mimi, kwa tabia yangu, nitalihitajia kurasa.

Habari za blanketi, dawa za malaria na namba za simu za jamaa sitaziandika. Hizo mama yako amezimaliza, na kwa ubora kuliko ambavyo ningeweza mimi. Kesho asubuhi unatuacha, unakwenda kuishi kwenye makao ya kampuni yenu ugenini. Jumatatu utaketi tena katika chumba cha marubani, kwenye kiti cha kulia, kiti cha rubani msaidizi, na kushoto kwako ataketi Kapteni yuleyule aliyeirusha ndege niliyoipanda. Uliponionyesha ratiba kwenye simu yako nilisema "Mungu akutangulie," kisha nikatoka uani nikaushika ukuta wa choo. Sikutaka uone. Sasa nakuambia.

Naogopa, mwanangu. Siogopi injini. Injini ni chuma, na chuma kina mafundi wake. Naogopa ulimi nilioutia mimi mwenyewe kinywani mwako.

Kwa miaka thelathini na mmoja nimekaa kwenye baraza la duka la Bwana Salum, na meza yangu, taipureta yangu na kamusi isiyo na jalada, nikiwaandikia watu maombi yao kwa wakubwa. Sikupita darasa la sita. Kiswahili changu nilikiokota redioni na katika magazeti yaliyofungiwa sabuni, na kwa kuwa nilikiokota kwa taabu, nilikithamini kupita kiasi. Katika mji ambapo kila mmoja husema "mutu" na "apana," mimi nilisema "mtu" na "hapana," na watu wa mtaani wakaniita Muzee Sanifu. Lilikuwa jina la dhihaka. Nililivaa kama koti la Idi.

Kanuni yangu unaijua, kwani nilikufundisha kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Kwanza mpandishe unayesema naye, kisha jishushe wewe, kisha ndipo ulete haja yako, nayo uilete kama swali. Mkubwa haambiwi, mkubwa hukumbushwa. Ulipokuwa na miaka minane uliijua kanuni hiyo kuliko wateja wangu wote. Watu walikuja nyumbani kukusikiliza.

Na siku mama yako alipoanguka, hukuisahau.

Sidhani kama tumewahi kuizungumza siku ile kama ilivyokuwa. Ilikuwa Jumapili, nami nilikuwa sebuleni ninamsomea mteja barua yake, mzee mmoja wa Buyenzi. Ulikuja ukasimama mlangoni, mikono nyuma, kama nilivyokufundisha. Nilikuona kwa pembe ya jicho. Nikainua kidole, maana yake ngoja, nikaendelea kusoma ukurasa mzima na nusu ya wa pili. Nilipomaliza, nikakuamuru umsalimu mgeni kwanza. Ukamsalimu vizuri. Ukamwuliza habari za nyumbani kwake. Kisha ukasema, "Baba, samahani kwa kuwakatiza, kama una nafasi, Mama ameanguka kando ya kisima na hawezi kusimama."

Yule mzee alipiga paja. "Mutoto wa adabu huyu, muzee. Wangu angelikuwa ameshalia mpaka Kinindo."

Na mimi, Hadija, kabla ya kuinuka kwenye kiti, nilitabasamu. Nilipata muda wa kujisifu moyoni wakati mama yako amelala juu ya saruji na nyonga imevunjika. Kwa miaka mingi nimekisimulia kisa hicho kwenye harusi na misiba kama ushahidi wa malezi bora. Mama yako hukaa hapohapo na kusikiliza, mguu wake ukiwa umenyooshwa mbele yake.

Sasa nikupeleke kwenye ndege, ingawa ulikuwamo. Ulikuwa mbele na mimi nilikuwa nyuma, na kilichotokea nyuma hukijui chote, kwa sababu nilikuficha.

Unakumbuka ulinipatia tikiti ili niione kazi yako kabla macho yangu hayajazidi kufifia. Nilivaa suti ya kijivu. Kiti changu kilikuwa dirishani, upande wa kushoto, nyuma kidogo ya bawa. Kando yangu alikaa Mama Furaha, mchuuzi wa vitenge kutoka Uvira, mwanamke mnene wa sauti nene, ambaye alinigawia karanga kabla ndege haijasogea.

"Muzee, ni mara ya kwanza? Usiogope. Mi naendaka kila mwezi."

Nilimweleza, kwa upole nilioudhani kuwa upole, kwamba kwa usahihi husemwa "mimi huenda." Akatafuna kwanza.

"Haya, mwalimu. Na karanga yangu, iko sanifu?"

Kisha sauti yako ikasikika kwenye spika, ukitukaribisha kwa Kirundi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, bila kosa hata moja, nami nikageukia dirisha ili yule mama asinione uso.

Ndege ilikuwa bado inapanda, ziwa liko chini yetu, kiliposikika kishindo kama cha lango la chuma lililopigwa teke. Sakafu ikaanza kutetemeka hata meno yangu yakagongana. Ikaja harufu ya kitu kilichoungua. Nikatazama nje nikaona cheche zinamwagika nyuma ya injini ya upande wetu, na ndani ya cheche hizo ulimi wa moto ukitokeza na kurudi, ukitokeza na kurudi.

Ndipo Kapteni aliposema nasi. Sauti yake ilikuwa tulivu, sauti ya mtu anayestahili kuaminiwa. Alisema injini ya kulia imepata hitilafu, kwamba wanaishughulikia, kwamba tunarudi Bujumbura, na kwamba tubaki tumefunga mikanda.

Kulia, alisema. Na macho yangu yalikuwa kushoto, juu ya moto.

Nataka ujue niliwaza nini, kwa kuwa si jambo la mjinga. Niliwaza kwamba mtu mkubwa namna ile hawezi kukosea mkono. Niliwaza kwamba pengine marubani wana kulia kwao, tofauti na kulia kwetu sisi abiria. Mimi na yeye tulikuwa tumeelekea upande mmoja, mbele, na bado nilimtungia Kapteni kulia kwake peke yake ili nisilazimike kumwambia kwamba amekosea. Na upande ule wa kushoto tulikuwa wengi. Wote waliona. Wote walinyamaza, kila mmoja na sababu yake.

Kisha nikafanya jambo ambalo nimeona haya kukuambia mpaka leo. Nilitoa karatasi na kalamu nikaanza kumwandikia. "Kwa Mheshimiwa Rubani Mkuu. Kwa heshima na taadhima, mimi abiria wako mnyenyekevu, naomba radhi kwa kukukatiza katika majukumu yako mazito..." Mtetemo uliitikisa kalamu, nikawa ninarudia herufi ili zisomeke. Nilikuwa nimefika mstari wa tatu na neno "moto" nilikuwa bado sijaliandika.

"Unaandika nini, muzee?"

"Ninamwarifu rubani, mama."

"Unamwandikia?" Aliitazama karatasi, akanitazama mimi. "Moto anajua kusoma?"

Akafungua mkanda, akasimama. Nami, Mungu anisamehe, nilimvuta kitenge nikamwambia, "Mama, tafadhali, tusiwavunjie wakubwa heshima." Akanipiga mkono kama anavyopigwa mtoto anayegusa sufuria.

"We kijana! Kuja huku! Moto iko kushoto! Kushoto, si kulia! Ambia ule mutu wako huko mbele: kushoto!"

Mhudumu wa ndege alikuja mbio akiwa na sura ya kumkalisha. Akainama juu yetu, akachungulia dirishani, na uso wake ukabadilika. Alikimbilia simu ya ukutani, nasi tukamsikia. "Kapteni, ni kushoto. Nimeona kwa macho."

Hayo ndiyo yaliyotokea nyuma. Yaliyotokea mbele ulinisimulia siku ya tatu, umekaa kwenye ngazi ya jikoni, bila kunitazama, na nayaandika hapa kama nilivyoyasikia ili tujue sote kwamba niliyaelewa.

Uliniambia kwamba wewe uliona mapema kuliko sisi sote. Kipimo cha mtetemo cha injini ya kushoto kilikuwa juu, joto lake lilikuwa linapanda, mzunguko wake ulikuwa unashuka, na injini ya kulia ilikuwa nzima. Kapteni alikuwa amesoma upesi, akasoma vibaya, na alikwisha kuurudisha nyuma wenzo wa kulia ili kuipunguzia injini hiyo nguvu. Ukamwambia, "Samahani Kapteni, kama hutajali, labda ingefaa tuviangalie tena vipimo." Akajibu, "Nimeviangalia." Ukasema, "Sawa, Kapteni."

Ukanieleza pia desturi ya kazi yenu. Injini haizimwi na mtu mmoja. Mmoja huweka mkono juu ya swichi ya kukata mafuta na kuitaja. Mwenzake hutazama kwa macho yake na kujibu ndiyo au hapana. Mpaka jibu litolewe, mkono hausogei. Kapteni aliweka mkono juu ya swichi ya injini iliyo nzima, akasema, "Kulia. Thibitisha." Akangoja.

"Alingoja, Baba," uliniambia. "Mkono wake ulikaa pale unaningoja. Nami nilikuwa natafuta namna nzuri ya kusema hapana."

Sijalala vizuri tangu siku ile. Nilikuwa nimetazamia uniambie kwamba hukujua, kwamba ulichanganyikiwa, kwamba uliogopa. Kumbe ulikuwa unatunga. Ulikuwa umekaa mbele ya watu wote wale, ziwa chini yako, unapanga sentensi, na aliyekufundisha kuipanga alikuwa safu kumi na nne nyuma yako, anapanga ya kwake.

Simu ya mhudumu ililia kabla hujaipata namna nzuri hiyo. Mkono wa Kapteni ukaondoka kwenye swichi. Mkairudishia nguvu injini ya kulia, mkaizima ya kushoto kwa utaratibu, wewe ukithibitisha, na mkatushusha kwa injini moja, magari ya zimamoto yakikimbia sambamba nasi. Watu walipiga makofi. Mama Furaha alinikumbatia hata miwani ikaanguka. "Andika sasa, muzee," alisema. "Sasa uko na wakati."

Na Kapteni, alipokushukuru na kukupa mkono pale chini ya bawa, alikuuliza kwa Kiswahili, lugha yake kama ilivyo yako. Umenisimulia maneno yake mara moja tu, na nimeyarudia mimi kila siku.

"Uliona?"

"Niliona, Kapteni."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, Kapteni."

"Hapana, binti. Uliniomba."

Hakusema kwa ukali. Ulisema alionekana mgonjwa. Alikwisha kukiri kosa lake kwa kampuni, kwa maandishi, na hakuliweka juu yako. Simlaumu. Lakini neno lile linanihusu mimi. Kuomba ndiyo kazi yangu. Nilimzaa mtoto mwenye macho makali kuliko yangu, nikampeleka shule niliyoikosa, akafika mahali ambapo mtu anatakiwa kuambia, naye akiwa na chombo kimoja tu, cha kuombea.

Laiti ningeweza kusema sikuonywa. Mwaka mmoja alikuja mama mjane ambaye mwanawe alikuwa mahabusu kwa kufananishwa na mtu mwingine. Nilimwandikia kurasa tatu. Alirudi kesho yake, akakaa kwenye kigoda, akaniambia, "Muzee, yule mukubwa amesema barua ni mzuri sana. Ameniuliza, sasa unataka nini? Nami nikakosa jibu. Nilitaka nini, muzee?" Nilicheka pamoja na Bwana Salum baada ya kuondoka kwake. Kijana yule alikaa ndani siku nyingine tatu kwa ajili ya ufasaha wangu.

Umewahi kuniuliza, ukiwa msichana, kwa nini sisemi kama wengine. Nilikupa jibu la adabu na elimu. Jibu la kweli ni fupi. Nilikua katika nchi na nyakati ambapo neno wazi lingeweza kumwondoa mtu nyumbani kwake jioni moja, na nilimwona mtu wa namna hiyo, jirani, fundi wa baiskeli, aliyemwambia mwenye bunduki kwamba anadanganya. Alikuwa anasema kweli. Baada ya hapo nilijifunza kuyafunika maneno yangu matandiko juu ya matandiko, mpaka mwenye nguvu asione kilicholala ndani. Hilo nililiita adabu nilipokuwa nakufundisha wewe. Nusu yake ilikuwa adabu. Nusu yake ilikuwa woga, na nilikurithisha vyote viwili katika mfuko mmoja bila kukuambia kipi ni kipi. Mimi woga huo ulinilinda. Angani hauna wa kumlinda.

Nisikuchoshe. Najua utasema umefunzwa upya. Najua mlipelekwa wote wawili kwenye chumba cha mazoezi kile kinachotikisika kama ndege, mkazimiwa injini ya kushoto, ya kulia, wakati wa kuruka, wakati wa kutua, na kwamba kila mara ulisema kwa sauti na ukafaulu. Cheti nimekiona. Nilikuwa nimeanza kupumua.

Lakini Alhamisi, Hadija. Alhamisi asubuhi nilimeza kidonge changu cha presha, nikasahau, na baada ya chai nikachukua cha pili. Ulikuwa umekaa mbele yangu. Uliniona. Ukasema, "Baba, samahani, sijui kama nimeona vibaya, lakini nadhani labda..." na kabla hujafika kwenye kidonge, kidonge kilikuwa kimeshuka. Nilipata kizunguzungu mpaka adhuhuri, sote tukafanya mzaha. Mama yako peke yake hakucheka. Jioni aliniambia uani, "Umesikia mutoto? Bado anaomba."

Chumba cha mazoezi hakina mvi. Mwalimu wako ni kijana wa rika lako. Jumatatu upande wako wa kushoto atakaa mtu mzima, aliyekusamehe, unayemheshimu zaidi sasa kuliko kabla, na ambaye unaona haya kumkosea mara ya pili. Ndiyo maana nilishika ukuta.

Mama yako amenidokeza kwamba kuna jambo ulilomwambia kunihusu mimi, wiki mbili zilizopita, ukilia, na kwamba ulimwapisha asinifikishie. Hakunifikishia. Nimejaribu kulikisia, na yote ninayoyakisia ni ya haki.

Kwa hiyo nina haja moja, nami nitaieleza bila kukupandisha wala kujishusha. Barua hii utaipata leo, juu ya mashati. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya teksi, nitakuwa sebuleni. Ingia bila kubisha. Usiniamkie. Niambie usoni kile ulichomwambia mama yako, chote, kama kilivyo, na neno la kwanza lisiwe "samahani." Nitajaribu kukukatiza, kwa maana ndivyo nilivyo. Sema juu ya sauti yangu mpaka umalize. Hutanivunjia heshima. Na ukinivunjia, ivunje.

Ukiweza kunifanyia hivyo mimi, ambaye umenihofu tangu ulipojua kusimama, utaweza kumfanyia yeye, nami nitakubebea sanduku hadi barabarani.

Ukishindwa, usipande. Niite niwapigie kampuni, nitawaambia mimi mwenyewe kwamba hauko tayari, na aibu yake iwe yangu.

Nataka uishi.

Baba yako,
Ramadhani